Matairi ya Jirani

Kila asubuhi jirani yetu muuza saruji hupanga matairi chakavu kati ya duka lake na gereji aliyotuachia baba. Huyasogeza kwa mguu, mikono mgongoni, huku akinipa pole kwa sauti laini kama pamba. Mungu anisamehe kama namdhania vibaya, lakini tangu tuzike, njia yetu ya magari imepungua hatua nne. Lori halipiti tena. Jana nilimuuliza.

"Marehemu aliniruhusu, binti yangu. Tulikubaliana kwa mdomo tu."

"Basi apa, mzee wangu."

Akacheka. "Mambo madogo haya tumsumbue Mungu?" Akatazama kushoto na kulia, kisha akarudisha tairi moja upande wake. Moja tu.