Uzi wa Gunia Kwenye Fishi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, na ambayo nakuandikia wakati wewe bado unatambaa, ni ile Maman Furaha alipomnyooshea mkono Tonton Byamungu katika kiwanja chetu cha Nyalukemba, akamwambia arudishe ufunguo wa minibus. Ufunguo ule ndio uliokuwa kazi yake. Na aliyefanya adaiwe ni mimi.

Minibus ya Maman Furaha ilikuwa kuukuu, imepita mikononi mwa watu wengi. Tonton aliiendesha barabara ya Sange, akileta abiria na mchele, na mimi ndiye niliyetengeneza nyaya zake. Sikusomea kazi hii mahali popote. Nilijifunza kwa kuharibu redio za nyumbani na kutazama video kwenye simu, na aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba kuna jambo moja wenzake waliambiwa na yeye hakuambiwa. Kwa hiyo nilikagua. Kila minibus iliporudi nilifungua kapo, lile bati linalofunika injini, nikachomoa fishi za taa, vile viunganishi vya plastiki ambamo pini ya kiume huingia katika ya kike. Nikazisugua kwa msasa, nikazirudisha. Nikifika mlangoni, nilirudi kuzichomoa tena. Mama yako alikuwa akisema naziamsha niziulize kama zimelala.

Hata hivyo taa zilianza kuzimika njiani. Hapa zinawaka, milimani, kwenye ukungu, zinakufa. Nikasema moyoni: kuna mkono wa mtu. Nani anakaa na gari kuliko wote? Nikaanza kumtazama Tonton kwa jicho jingine. Kwa nini anaegesha akiipa nyumba yetu mgongo? Kwa nini alicheka nilipomuuliza alilala wapi Sange? Nikamnong'oneza Maman Furaha kwamba mtu anazichezea fishi, labda ana fundi wake anayetaka nafasi yangu. Sikutaja jina. Halikuhitajika.

Kisha nikatega. Nilitoa uzi mwembamba kwenye gunia la mchele, nikazungushia kila fishi, nikapiga fundo dogo. Atakayefungua ataukata.

Safari ile taa zilikufa kwenye ukungu tena, korongo likiwa ubavuni mwa gari. Abiria mmoja alishuka akatembea mbele akipunga kitambaa cheupe mpaka walipotoka. Walipofika, Maman Furaha alikuwa ameshasikia, anangoja kwangu.

"Tonton, leta ufunguo. Utaniulia watu."

"Maman, miye nilifanya nini?"

"Uliza fundi. Yeye ndiye anajua."

Nilifungua kapo kwa haraka ya mtu anayekwenda kushinda. Nyuzi zote zilikuwapo, kila fundo mahali pake. Nikaukata uzi wa kwanza, na fishi ikaachia bila nguvu, kama jino la mtoto. Ndani, pini za kike zilikuwa zimepanuka, hazishiki tena. Nilijua mara moja kinachozipanua hivyo: kuchomolewa na kurudishwa, kuchomolewa na kurudishwa. Mkono niliokuwa nautafuta ndio ulioshika fishi.

Habari ya uzi niliijua peke yangu. Ningeweza kufunga kapo na kunyamaza, na Tonton angeondoka kwa miguu. Nakiri kwamba nililipima jambo hilo. Yeye alikuwa tayari anautoa ufunguo kwenye pete, polepole, kwa sababu pete ile ile ilibeba pia ufunguo wa nyumba yake.

"Maman," nikasema, "hakuna mutu aliguza. Nilifunga uzi nimutege Tonton, na haikukatika. Ni miye. Nafunguaka sana."

"Sana namna gani?"

"Kila mara gari ikirudi. Naangalia kama imefungwa."

Akanitazama. "Na bugali kwako inaivaka? Ama unafunua chungu mupaka moto inazima?"

Kisha akamwambia Tonton abaki na ufunguo. Tonton hakucheka.

"Mutoto," akaniambia, "nilikuwa nakuona kila siku umeinama pa gari. Nilisema, huyu kijana iko na roho ya kazi. Nilikuwa nakusifu kwa watu ya Sange. Kumbe wewe ulikuwa unanitegea."

Nilizibana pini kwa koleo jembamba, zilizochoka nikaweka mpya, nikasikiliza kila fishi ikilia tak ilipojifunga. Taa zikawaka. Tonton akafunga kapo. Mkono wangu ukalirudia, nikague mara moja tu ya mwisho. Akaweka kiganja chake juu ya bati, akakiacha hapo.

"Wacha," akasema.

Akaenda Sange. Sikutulia mpaka aliporudi, taa zinawaka mchana kweupe, ameziacha makusudi nizione.

Mwanangu, una mikono yangu, naiona; huachi kifuniko cha chupa kipumzike. Basi nasaha yangu ni hii. Kazi ifanye vizuri, uisikie ikijifunga, kisha uiache. Ukimshuku mtu, muulize yeye mwenyewe kabla hujamnong'oneza mwingine, na kabla ya kumuuliza, tazama kwanza mikono yako imekuwa ikifanya nini. Sisemi kwamba nimepona. Hata leo namshuku aliyeniuzia zile pini mpya.

Mungu akujalie vidole vinavyojua kuachia. Akupe watu watakaokusifu usipokuwapo, na akupe moyo wa kuwaamini. Na siku ukungu utakapokukuta mlimani, taa zako ziwake.