Mubirizi na Kipande cha Muwa

Mwaka ule nilikuwa nimeacha kuvuta nyavu ziwani kule Gitaza, nikaacha na kukamua mawese Kigwena, nikapanga chumba Rumonge kwa mama mmoja mjane mwenye ugonjwa wa sukari. Shule niliiacha mapema, ila hamu ya kuuliza haikuisha.

Mama alikuwa na ugomvi na muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi alimwambia sukari yake ikiendelea kupanda hivyo baada ya kula, ugali wa jioni atauaga. Kwa mama, jioni bila ugali na samaki wa mukeke wa kuchoma ilikuwa adhabu. Jirani kutoka Uvira akamwapia kwamba majani ya mubirizi yanashusha sukari. Basi, juu ya vidonge vyake, akawa anatwanga majani yale machungu, anayachuja, na kunywa maji yake kila akimaliza kula.

Sukari ikazidi kupanda. Kila alipojitoboa kidole, kimashine kilionyesha namba kubwa kuliko zile za kabla ya mubirizi.

"Labda haya majani iko ya uongo," alisema.

Mimi siwezi kuona kitu kinanywewa nisikionje. Jioni moja nikaomba kikombe. Uchungu ulinipanda hadi masikioni. Mama alicheka mpaka kitenge kikamlegea, akanipa kipande kinene cha muwa.

"Tafuna, mutoto wangu. Kwangu hakuna anayelala na mudomo muchungu."

"Na wewe unatafuna?"

"Kila siku. Mimi niko mutu, siko mbuzi."

Nikatazama rundo la makapi ya muwa kando ya mlango. Naye akalitazama.

"Usimuambie muuguzi," alisema.

Alimwambia mwenyewe asubuhi yake, maana hajui kukaa na siri. Muuguzi alicheka, akaketi, akacheka tena. Kisha akamkataza muwa, na mubirizi pia, kwa sababu majani yale yakikutana na vidonge yanaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mama alitii akinung'unika. Namba zikashuka. Mubirizi peke yake unafanya nini, bado sijui, na swali hilo linaniwasha mpaka leo.

Siku niliyomsindikiza kituoni, ugali ukaruhusiwa. "Kidogo tu, mama," alisema muuguzi. "Kama ngumi."

"Ngumi ya nani?"

"Yako."

Mama alikunja ngumi, akaigeuza huku na huku, hakuridhika nayo. Akanishika mkono wangu mpana wa kuvuta nyavu, akaukunja ngumi vizuri, akauinua mbele ya muuguzi.

"Huyu naye ni wa nyumbani," alisema, akashukuru kabla hajajibiwa. "Murakoze."