Kitambaa cha Kijani Nilichokivuta

Siku ya kwanza thieta, chumba cha upasuaji, nilivua viatu mlangoni, nikavaa vya mle ndani, nikakutana na ukimya. Nilitoka wodi ya wanawake ya hospitali moja ya mjini, ambako miaka tisa nilishinda na sauti: nesi maji, nesi dripu imeisha. Mimi nimeishia darasa la saba, nikajifunza uuguzi msaidizi, na wodini nilisifiwa mkono mwepesi. Thieta mkono ulitakiwa utulie. Taa kubwa iliinama juu ya kitanda, watu wote wamevaa kijani, wanatembea polepole kama wako chini ya maji.

Msimamizi alikuwa Sista Filomena Komba, mtu wa Songea, mfupi, hasemi mara mbili. Akaniambia, "Zuhura, wodini unamgusa mgonjwa ajue uko naye. Hapa uko naye kwa kutomgusa." Akanipa kazi ya nesi wa pembeni: huvai glavu, unafungua pakiti bila kugusa cha ndani, unakaa mbali na vitambaa vya kijani vya kumfunika mgonjwa. Vitambaa vile vilipikwa kwa mvuke kwenye otoklevu, vijidudu vife. Kikiguswa na mkono mtupu, basi, si safi tena.

Siku ya nne akaletwa Bi Mwanahawa Nampunju, muuza nazi wa shimoni, ile sehemu ya chini ya soko la Kariakoo. Nilishamuuguza wodini, alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na upasuaji wake ulishaahirishwa mara mbili. Akapewa nusukaputi, akawa ananong'ona majina ya wateja wake mpaka midomo ikatulia. Sista akamfunika vitambaa, akageukia meza kupanga vyombo. Daktari Rashmikant bado ananawa mikono nje. Nikauona mguu wa kushoto umechungulia, hina imefifia kisiginoni. Wodini hatukumwacha mgonjwa alale miguu wazi. Sikuwaza. Nikavuta kitambaa, nikamfunika, moyo wangu ukaburudika kabisa.

Kisha nikauona mkono wangu, mtupu.

Kitambaa cha miguuni kikivutwa, cha tumboni nacho kinasogea, na hapo ndipo kisu kingepita. Hakuna aliyeniona. Nikisema, huenda narudishwa wodini, na Bi Mwanahawa anaahirishwa mara ya tatu, maana furushi safi la vitambaa lililobaki liliwekwa kwa ajili ya mama mzazi wa dharura. Nikinyamaza, kidonda kinaweza kutunga usaha, na mtu anakufa kwa hilo.

"Sista, nimegusa."

Hakugeuka haraka. "Wapi?"

"Miguuni. Nimevuta."

Daktari Rashmikant alishafika mlangoni, mikono juu, maji yanachuruzika viwikoni. "Anatandika kama yuko kwake Msimbazi," akasema. "Si ungemvisha na soksi."

"Daktari, subiri hapo hapo, usiguse kitu," Sista akamjibu. "Tunafungua la dharura. Zuhura, chukua hivi vyote ukavipike sasa hivi."

Nilisimama mbele ya otoklevu nikiangalia mshale wa presha unavyopanda, kama naota ndoto ya mtu mwingine. Mungu alisaidia, hakuletwa mama mzazi mpaka furushi likapoa. Jioni Sista akanikuta nimejiinamia kwenye benchi.

"Kesho saa moja," akasema. "Kata kucha."

Siku saba mfululizo nilipanda wodini kuangalia kile kidonda. Ya saba, kikiwa kikavu, Bi Mwanahawa akacheka. "Mwanangu, kila siku wewe. Kwani mmesahau mkasi humu?"

Nikamweleza yote.

"Mle usingizini nilikuwa nasikia baridi ya miguu," akasema. "Halafu ikaisha."

Thieta ndiko nilikostaafia. Sasa nakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na wauguzi wachanga wa jirani hunipitia: shikamoo bibi, damu hukuiogopa? Damu niliizoea kwa wiki moja. Nilichoogopa ni ule muda mfupi kati ya kugusa na kusema. Sista Filomena hayupo tena, Daktari Rashmikant hayupo, Bi Mwanahawa hayupo. Ningenyamaza, leo ningekuwa nimebaki na siri hiyo peke yangu.