Akaunti ya Wasichana Wanne

Simu ikitetemeka ndani ya sufuria ya alumini, kifuniko nacho huanza kuimba: trrr-nga-nga-nga. Bado nausikia mlio ule kutoka juu ya friji, katika fleti yetu ya Burnsville, na baba mdogo akinyanyua kidole: "Muache aite. Atachoka."

Hiyo ilikuwa sheria yake kila Jumapili alipokuja kula kwetu baada ya kanisa. Simu zote sufuriani, kifuniko juu, ndipo tuongee habari za nyumbani. Kule Kongo mtu alimsikia akisema jambo kuhusu wanajeshi kwenye simu, wakaja kumchukua kabla ugali haujapoa. Tangu siku hiyo hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Kwa hiyo, ingawa nilimcheka, simu yangu niliitumbukiza.

"Baba mdogo, hapa ni Amerika. Nani atasikiliza habari zetu za kupika sombe?"

"Hapa ndiyo wako na mashine, ma fille, binti yangu. Kule walikuwa na masikio tu."

Siku moja mama na mimi tulikuwa tukikunja nguo huku tukiota kwa sauti: dada yangu akifika, tumnunulie charahani. Dada alikuwa amebaki kambini Tanzania, maana faili lake lilitengwa na letu, akawa anashona nguo za watoto kwa charahani ya kuazima. Kesho yake simu yangu ikaniletea picha za charahani, za kila rangi. Wala sikuwa nimeandika popote.

Nilimwonyesha baba mdogo. Akapiga makofi. "Umeona? Inajua na Kiswahili!"

Kusema kweli, nilifurahi kidogo. Hospitali walihangaika kututafutia mkalimani, kumbe yuko mfukoni mwangu! Halafu furaha ikapoa. Mwenye duka ananisikiliza ili aniuzie charahani. Serikali nayo ikisikiliza, inataka kuniuzia nini?

Haikupita muda dada akapiga. Alikuwa ameitwa tena kwenye mahojiano ya safari ya kuja Amerika, na mara hii walitaka jina lake la mtandaoni.

"Mdogo wangu, nitawaambia nini?"

Nilielewa mara moja. Jina lile halikuwa la mtu. Lilikuwa la simu. Kambini tulikuwa wasichana wanne wenye simu moja na akaunti moja, tukaipa jina la urembo tulilolibuni wenyewe, na kila mmoja akaweka alichopenda. Dada aliweka picha zake akiwa amevaa magauni aliyoshona. Mimi niliweka picha za theluji nilizookota huko huko mtandaoni, maana nilishaanza kuiota Amerika. Jirani mmoja aliwaandikia wanaume watatu maneno ya mapenzi, yale yale, bila kubadilisha hata nukta. Wa nne, naye jirani, aliweka picha ya kaka yake akiwa na magwanda na bunduki, kwa sababu alimkumbuka na hakujua kama yuko hai.

Sasa soma yote kama mtu mmoja. Mshonaji, mwenye wapenzi watatu, mwenye wazimu wa theluji, na nduguye ni mtu wa msituni. Mwanamke huyo hata mimi ningemnyima viza.

"Nikisema si yangu, wataniwekea picha ya sura yangu mezani," dada alisema. "Nikisema yangu, wataniuliza huyu wa bunduki ni nani."

Jumapili mama alisema, "Tufute yote, yaishe."

"Ukifuta ndiyo umeharibu," baba mdogo akamjibu. "Watauliza mbona umefuta leo. Na kile unachofuta unafikiri kinaenda wapi, kwa Mungu?"

"Basi tufanye nini, shemeji?"

"Tuombe." Akachukua simu yangu kwa upole, akairudisha sufuriani.

Kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nilimweleza mama mmoja Mkenya niliyekuwa nikikunja naye mashuka. Akaniambia, "Wewe relax bwana. Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Nilitaka kumkubalia, mimi hupenda kukubaliana na watu. Lakini dada hakuwa na cha kuficha hata kidogo. Tuliweka vitu vyetu pale kwa furaha, wazi kabisa, na sasa mtu tusiyemjua ameketi mahali, anachukua kipande hiki na kipande kile, anamshona mwanamke asiyekuwepo, kisha atamvalisha dada yangu.

Yule mama alipokwenda kula, nilibaki peke yangu. Nikakaa juu ya furushi la mashuka, nikaifungua akaunti yetu. Neno la siri lilikuwa bado lile lile. Nikaandika kwa Kiswahili, maana nilikuwa na hakika kitaeleweka:

"Habari yako wewe unayesoma. Pole na kazi. Mshonaji ndiye dada yangu, huyo ndiye mnayemhoji. Theluji ni mimi. Mapenzi ni ya jirani, alikuwa anajifurahisha tu. Mwenye bunduki ni kaka wa mwenzetu, na mwenzetu bado anamlilia. Tuko wanne. Tafadhali usituchanganye."

Majina sikuweka. Hayo wayatafute wenyewe.

Simu ikaniuliza nani aruhusiwe kuona: watu wote, marafiki, au mimi tu. Niliangalia swali lile kwa muda, mashine za kukaushia zikizunguka nyuma yangu. Yule niliyemwandikia hakuwa na haja ya ruhusa yangu ili asome.

Nikachagua "mimi tu", nikabonyeza, nikarudi kwenye mashuka.