Chachu ya Bi Chuma

Usithubutu kumwambia Bi Chuma kwamba mashine inakanda unga vizuri kuliko mikono. Jina hilo alipewa na wateja wa mikate yake kwa nguvu za mikono yake, naye alijivunia. Hamira ya dukani hakuitaka. Kila siku alibakiza donge la unga ndooni, likachacha usiku kucha, kesho yake likaumua unga mpya.

Basi vidole vikaanza kuvimba. Kila akiamka vimekakamaa, hata kufunga kifungo cha blauzi ni kazi. Daktari wa viungo akamwambia ni baridi yabisi: kinga ya mwili wake imeugeukia mwili wenyewe. Akampa vidonge. Bi Chuma naye kwa maswali hajambo, ikabidi aelezwe zaidi: utumboni mwetu wanaishi bakteria tele, wengi wao wema, na wataalamu wanashuku kwamba wakivurugika, huenda kinga nayo ikachokozeka.

"Lakini bado wanachunguza, mama," daktari akasisitiza. "Dawa ni hizi."

Mwingine angesikia dawa. Bi Chuma alisikia bakteria, kwa sababu ndoo yake ilijaa hao hao, tena aliwalea mwenyewe! Vidonge vikaingia kabatini. Kila asubuhi akawa anameza kijiko cha chachu mbichi, uso umemkunjamana.

"Mke wangu, unataka kuumuka?" mumewe akamtania.

"Cheka tu. Utaona."

Aliyeona ni yeye. Haukupita muda mrefu mikono yote miwili ikavimba, kushika kikombe hawezi. Wateja hawangoji, kwa hiyo wifi yake akaja kukanda. Bi Chuma akakaa kitini, ulimi haujavimba.

"Wifi, huo unga unaukanda au unaupapasa?"

Kisha akaangua kilio. Maumivu aliyazoea, kilichomliza ni hofu kwamba hatakanda tena maisha yake yote.

Akarudi kwa daktari, akaeleza yote bila kuficha. Daktari hakumcheka.

"Mkate ukianza kuungua, mama, unaongeza chachu?"

"Chachu ya nini tena? Napunguza moto kwanza."

"Basi vidonge ndivyo vinavyopunguza moto. Habari za bakteria waachie wanaochunguza."

Akavimeza, safari hii bila kukosa. Uvimbe ukapungua polepole. Vidole viwili vilibaki vimepinda, na daktari hakumdanganya kwamba vitanyooka. Wifi akaendelea na beseni kubwa la unga. Asubuhi moja Bi Chuma akajimegea donge dogo, akalikandamiza kwa viganja, akipumzika, akianza tena.

"Wifi," akaulizwa, "unaukanda au unaupapasa?"

"Naupapasa," akajibu. "Lakini ni mimi."

Mkate wake ukatoka tanurini umelala upande. Mteja wa kwanza akaunyooshea kidole, akauliza bei.

"Huo hauuzwi," alisema Bi Chuma, akaumega kwa vidole vyake mwenyewe.