Ping, Sikujua Kwenu Ni Wapi

Bado sijaamini. Na hata nikiamini, sijui hii aibu nitaiweka wapi. Ping ametuacha. Wamemzika jana Githongo, huko Meru, na mimi sikuwa hapo.

Kwa wale hamkumjua: miaka ya tisini ikiisha, tulikuwa vijana wawili kwa kampuni ndogo ya internet hapa Embu, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Yeye alikuwa fundi. Mimi pia nilikuwa fundi, mpaka kitu kiharibike.

Tulimwita Ping kwa sababu ya ile command ya kuuliza mashine kama iko. Akiingia ofisi asubuhi haulizi habari. Anasema "Ping?" na wewe unajibu "Niko." Hata bosi alimwita hivyo. Sikumbuki kama niliwahi kumwita kitu kingine.

Ijumaa jioni ndiyo ilikuwa balaa. Kila mzazi mwenye mtoto Amerika anataka kusoma email, server ni moja, imekwama kama ng'ombe kwa matope. Ping akaleta ya pili, akaandika kwa DNS, kile kitabu cha majina ya mashine, jina moja lenye anwani mbili. Wanaokuja wanagawanywa, huyu huku, huyu kule. Tukaziita Rupingazi na Kathita, mto wa kwetu na mto wa kwao.

Shida ikawa, Kathita ikizima, DNS haina habari. Inaendelea tu kutuma watu kwa mashine iliyokufa. Ndiyo Ping akachukua kompyuta kuukuu akaiweka mbele ya hizo mbili, iwe reverse proxy, ipokee kila mtu kwanza.

Mimi sikuelewa. Alinieleza mpaka akachoka na mimi.

"Njeru, ukienda kuoa Wawira, utaongea na babake moja kwa moja?"

"Hapana. Kuna msemaji wao."

"Basi hiyo ndiyo proxy. Mgeni haingii mpaka ndani. Anaongea na msemaji, na msemaji anajua nani ako na nafasi ya kujibu. Sasa toka hapo niandike config."

Na ruracio ilipofika, siku ya kupeleka mahari, nani alikuwa msemaji wangu mimi? Ping. Alikuja kwetu Majimbo mapema, akakaa na baba, akauliza ukoo wetu, majina ya babu zangu, nani alikosana na nani. Kwa wakwe alichanganya Kimeru na Kiembu mpaka wazee wakacheka, na mambo yakapita.

Yake ilipofika, ilibidi mtu abaki na server. Nikabaki. Sikuona neno.

Kampuni ikafungwa, akarudi Meru. Simu alikuwa anapiga yeye.

Sasa jana. Ujumbe ukaingia kwa group ya wafanyakazi wa zamani: Ping wetu ameenda, mazishi ni leo Githongo. Nikavaa suti, nikawasha gari. Nilipofika nikauliza vijana wa boda, "Kwa mazishi ya Ping ni wapi?"

"Ping ni nani, mzee? Leo tuko na mazishi mawili. Jina lake?"

"Sisi tulimwita Ping tu."

"Basi ni mtoto wa nani?"

Huku kwetu Mlima Kenya, kama hujui mtu ni wa nani, humjui. Nilipiga simu yake, imezimwa. Nikapigia wenzetu mmoja mmoja. Wote ni Ping, Ping. Hakuna aliyejua zaidi.

Nikaenda kwa tent ya kwanza niliyoona. Nikapewa kiti, nikainamisha kichwa, nikaimba na watu. Pastor aliposema "mama yetu mpendwa" ndiyo nikaangalia picha iliyokuwa mbele. Nyanya wa watu, na kitambaa chake kichwani. Nilitoka kama mtu ameiba.

Mama mmoja akanifuata nje. "Kwani unatafuta nani?"

Nikamwambia: ni mrefu, ako na pengo, akicheka anaziba mdomo, na hawezi kuona kitu kimeharibika akakiacha.

"Ah, huyo ni Mwirigi wa maji. Si ndiye alitugawia haya maji ya tanki, laini moja huku, nyingine kule, na hakuna anayekosa. Kimbia, wanamaliza."

Nilifika wakipanda maua juu ya kaburi.

Mke wake alinishika mkono kabla sijajitambulisha. Hatujawahi kuonana, huyu mama, labda alinijua kwa picha. "Wewe ni Njeru wa Nyaga, wa Majimbo. Mama yako macho yalipona?"

Nikasema yalipona. Ningeomba ardhi inimeze, lakini ilikuwa imeshamchukua yeye.

"MC amekuita, amekuita tena," akaniambia. "Mwirigi alisema msemaji wake ni wewe, tusitafute mwingine."

"Kwa hivyo nani aliongea?"

"Hakuna. Tulingoja kidogo, tukaendelea."

Akaniuliza kama nilipotea. Nikamwambia barabara ni mbaya. Jamani, hiyo barabara ni lami mpaka kwa gate yao, na yeye anaijua kuliko mimi. Akasema pole na safari, akaenda kuniletea chai. Niliinywa. Sijui niliimezaje.

Kwa hivyo hii ndiyo hotuba yangu. Naitoa hapa Facebook, mahali haikufaa kutolewa, kwa watu ambao wengi hawakumjua, kwa sababu pale ilipongojewa nilikuwa nimeketi kwa mazishi ya nyanya wa wenyewe.

Ping, ulijua mpaka macho ya mama yangu. Mimi sikujua hata jina lako la kweli. Mzigo wa mashine uliugawanya vizuri sana. Huu wa urafiki wetu nilikuachia wote, na hukuwahi kusema ni mzito. Nisamehe, ndugu yangu.

Niliuliza kila kitu kabla sijaondoka. Lala vyema, Silas Mwirigi M'Ikiugu, baba Kendi, wa Githongo, chini ya tanki la maji, gate ya kijani. Mtu akiniuliza sasa, naweza kumwelekeza.