Mita ya Kuupumzisha Ulimi

Siku ile dukani, hapa Mpanda, tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayefungua kila redio inayoharibika, kitinda mimba wetu aliyeshika kitenge changu, na mzee fundi redio mwenye duka.

Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kupima betri kwa ulimi. Hilo nilizoea. Lakini nyumbani tulikuwa tumevutiwa umeme, na asubuhi ile nilimkuta amechuchumaa mbele ya soketi, kidole kimenyooka. Ndiyo nikamleta dukani tununue mita ya kupimia umeme.

“Dada, hii ya njano inapima vitu vingi,” alisema, akishika mita ya bei rahisi.

Mimi niliacha shule mapema, mita siijui. Nikamuuliza fundi, “Ipi haitaniulia mdogo wangu?”

Fundi akaifungua ile ya njano kwa bisibisi. “Fyuzi haina. Na nyaya nyembamba hivi zikichubuka, unashika umeme mwenyewe.” Akatoa nyeusi, yenye fyuzi na nyaya nene. “Hii ni ya betri na sola. Soketi usiguse mpaka nikufundishe. Umesikia, we mpima kwa ulimi?”

Kitinda mimba alicheka mpaka akaachia kitenge.

Hela yangu ilitosha ya njano tu. Fundi akaifunga nyeusi kwenye gazeti. “Marehemu baba yenu aliacha mizinga kule Ugalla. Mkirina, hela iliyopungua mnijazie kwa asali.”

Msimu ule nyuki walihama. Mita inafanya kazi, mdogo wangu yupo mzima, na juzi tumesikia mzinga mmoja unavuma. Asali ya mzee bado tunadaiwa.